Duara la Dole Gumba

Kila neno lililomo humu ni kweli tupu. Naapa kwa meno yangu mawili ya mbele, ambayo ni yangu mwenyewe, na kwa yale mengine, ambayo ni ya kununua. Nimewahi kutia chumvi maishani, sikatai, lakini hiyo ilikuwa kazini, na mimi nimestaafu. Mambo haya nimesimuliwa na mpelelezi mwenyewe, ameshika kikombe cha chai, na yale ambayo hakunisimulia nayajua vizuri kuliko yeye, kwa sababu mtakayoiona mbele ya safari.

Ilikuwa Alhamisi, saa tatu kasoro robo asubuhi. Mpelelezi alikuwa anapanda ngazi za Ukumbi wa Barua, ambazo kwa makadirio yangu ni ngazi mia nne. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini na tatu, na pochi yake ilitosha kubebea tikiti maji. Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na tisa katika ofisi ya alama za vidole, hata jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika. Mji mzima unamwita Bi Kidole. Tangu astaafu anapeleleza kwa raha zake: kuku waliopotea, waume waliopotea, na mara moja kuku na mume waliopotea pamoja.

Aliyemwita asubuhi hiyo ni binti wa kaka yake, wakili.

Wakili huyu wenzake wanamtania kwa jina la Mafiga Matatu, kwa sababu anatafiti mambo matatu kwa mkupuo: faragha ya watu, haki za binadamu, na ulinzi wa urithi, yaani majengo na vitu vya kale. Mawakili wakubwa walishamshauri achague figa moja alikalie. Hata kwenye harusi za ukoo ami zake humwuliza, wakitafuna, kama bado hajachagua. Yeye hucheka tu. Alikuwa amekipata chungu kinachokaa juu ya mafiga yote matatu, na chungu hicho kilikuwa Daftari la Saba.

Hapo lazima nieleze. Zamani, kabla kila mtu hajawa na simu mfukoni, ukumbi ule ulikuwa na waandishi wa barua. Mtu asiyejua kuandika alikuja, akakaa, akasema la moyoni, nasi tukaandika. Chini ya barua tuliweka karatasi ya kaboni, nakala ikabaki kwenye daftari. Pembeni chini, mkono wa kushoto, tulichora duara dogo, na mwenye barua akabonyeza humo dole gumba lenye wino, kwenye barua na kwenye nakala. Madaftari hayo yalikaa katika sanduku la bati miaka yote, hadi Wakili alipolifungua.

Ndani ya Daftari la Saba kulikuwa na barua ya wanawake sitini na watatu wa kiwanda cha vifungo. Kila jioni walipotoka kazini walikuwa wanavuliwa nguo langoni, ikidhaniwa wameiba vifungo. Waliandika kwamba kifungo kimoja hakilingani na aibu ya mtu mmoja, na wakabonyeza madole yao yote sitini na matatu. Mwezi uliofuata upekuzi ule ulikoma. Wakili aliposoma ukurasa huo alikaa chini sakafuni na sketi yake ya kazini. Haki, faragha na urithi, vyote katika karatasi moja.

Sasa jengo lenyewe lilikuwa libomolewe Jumatatu, pawe maegesho ya magari. Bodi ya Urithi ilikuwa ikutane humo humo ukumbini saa nane mchana siku ile. Ikiliona daftari, jengo linaandikishwa na kulindwa. Isipoliona, mwenyekiti alishasema, hadithi ni hadithi tu.

Na daftari lilikuwa halipo.

Bi Kidole alimkuta Wakili amesimama mbele ya sanduku lililo wazi. Madaftari kumi na moja yalikuwa yamepangwa vizuri, na mahali pa la saba palikuwa na kitabu cha simu cha zamani kilichofungwa karatasi ya kaki. Juu yake palikuwa na barua. Wakili alimpa shangazi yake kwa ncha za vidole, kama mtu anayemshika panya mkia. Iliandikwa kwa herufi kubwa:

KWA WAKILI. SALAMU SANA. NATUMAINI U MZIMA WA AFYA. AMA BAADA YA SALAMU, ACHANA NA JENGO HILI MARA MOJA. DAFTARI TUNALO. SISI TUNATAKA MAEGESHO. TUKO WATU MIA NNE NA TINGATINGA TISA. UKIENDELEA UTAJUTA MNO. NI SISI, WENYE NGUVU.

Wakili alisema hajawahi kutishwa na mtu aliyemjulia hali kwanza. Lakini sauti yake haikuwa na kicheko. Ilikuwa saa tatu, na saa nane haikuwa mbali.

Bi Kidole alikuwa ameshaliendea sanduku. Alipiga magoti, akaichunguza kufuli ya sanduku kwa lenzi. Hapakuwa na mkwaruzo. Aliyefungua alitumia ufunguo. Akauliza ufunguo unakaa wapi, na Wakili akaonyesha saa ya ukutani, ile iliyosimama kwenye saa kumi na dakika ishirini tangu mwandishi wa mwisho alipofunga kazi. Ufunguo ulikuwa ndani yake, nyuma ya timazi. Wakili aliuacha hapo hapo kwa sababu mtu wa urithi hahamishi kitu mahali kilipozoea.

Saa yote ilikuwa na vumbi la miaka, isipokuwa kioo cha kijimlango chake. Hicho kilikuwa kinang'aa.

"Kimefutwa," Bi Kidole alisema. "Mwizi wetu anajua kwamba kuna watu wanaosoma vidole. Nani anajua siri ya saa hii?"

"Mimi. Na wazee watatu walionionyesha Jumanne, wale walioandika barua hapa. Basi."

"Kwa hiyo wewe ni wa kwanza."

"Shangazi, unanihoji mimi?"

"Nakuhoji wewe. Umekuwa ukilalamika wiki nzima kwamba humu mna siri za watu, za ndoa, za magonjwa, na kwamba huna haki ya kuzianika. Inawezekana umelificha mwenyewe ili lisisomwe."

Wakili aliikubali hoja hiyo kama mtu wa sheria, kisha akaibomoa kama mtu wa sheria. Tatizo hilo alishalimaliza. Barua ya mtu binafsi haifunguliwi mpaka mwenyewe au jamaa zake waridhie. Ukurasa wake unafunikwa na kufungwa kwa utepe. Bodi ingeonyeshwa ukurasa wa vifungo peke yake. Kanuni hiyo aliwaeleza wale wazee Jumanne, neno kwa neno, wakinywa chai.

Bi Kidole aliandika hayo katika kijitabu chake, akapiga mstari chini ya "aliwaeleza". Ndivyo anavyofanya. Hapigi mstari chini ya jambo kubwa. Hupiga chini ya jambo ambalo bado hajajua kwa nini ni kubwa.

Kisha, kwa kuwa barua ilitaja maegesho, akaenda kwa mkandarasi.

Mkandarasi alikuwa kiwanja cha jirani, amekaa juu ya mifuko ya saruji, anaongea na simu kwa sauti ya kuamsha mtaa. Alikuwa mtu mnene mwenye furaha. Bi Kidole alimwonyesha barua, akamtaka aandike mstari mmoja tu ili alinganishe mwandiko. Mkandarasi alicheka mpaka mfuko wa juu ukaanguka. Alisema tangu aache shule hajaandika kitu isipokuwa sahihi. Yeye kila jambo hulisema ndani ya simu na kulituma hivyo hivyo, hata salamu za sikukuu. Kuhusu tingatinga, alimshika Bi Kidole mkono akampeleka kuliona. Lilikuwa moja, mnyororo wake umekatika, na paka amezalia ndani.

"Mama, ningekuwa na tingatinga tisa ungenikuta hapa na vumbi hili?" alisema. "Mimi nimeajiriwa kubomoa. Bodi ikisema lisibomolewe, nitaomba kazi ya kuezeka paa. Paa lile linavuja vibaya."

Bi Kidole alimwamini, hasa kwa ajili ya paka.

Alirudi ukumbini, akamhoji mtunza ukumbi, mwanamke mwenye furushi la funguo kiunoni, ambaye alianza kuapa kabla hajaulizwa. Alisema yeye funguo zake zote ni hizi, ya sanduku hana na hakuwahi kuijua. Jana mchana alitoka kwenda kula, akauacha mlango wa mbele wazi kama siku zote. Na Jumanne je, wale wazee walipokuja? Walikunywa chai na Wakili. Wawili walikaa ndani kumsikiliza. Mmoja alitoka barazani akiwa na kikombe chake, akakaa na mtunza ukumbi, akamsimulia visa mpaka mkutano ukaisha.

"Visa gani?"

"Vya zamani, mama. Kimoja kilikuwa cha samaki aliyemletea barua. Nilicheka hadi nikasahau kufagia."

Bi Kidole alipiga mstari chini ya "barazani".

Akakaa kwenye dawati lililo karibu na dirisha, akaiweka ile barua kwenye mwanga, na safari hii hakusoma maneno. Miaka ishirini na tisa alikuwa hasomi maneno ya karatasi za watu. Alikuwa anatazama pembeni. Na pembeni chini, mkono wa kushoto, kwa penseli hafifu, akaliona.

Duara. Dogo, la ukubwa wa dole gumba, tupu.

Alimwita Wakili bila kunyanyua kichwa. Wakili alitazama, akamtazama shangazi yake, akatazama tena.

"Amenitisha bila jina," alisema polepole, "halafu akaacha nafasi ya kubonyeza dole?"

"Hakuiacha. Mkono wake ndio ulioiacha. Mtu aliyechora duara hilo miaka thelathini hawezi kufika mwisho wa barua bila kulichora. Akili ilikuwa inaiba, mkono ulikuwa kazini." Bi Kidole akafunga kijitabu. "Waite wazee wako. Wote watatu, saa tano. Nami nina simu moja ya kupiga."

Wazee walifika. Wa kwanza aliitwa Mzee Wino, kwa sababu hakuna shati lake lisilo na doa. Wa pili aliitwa Mzee Nukta, kwa kuwa maneno yake ni machache na kila moja ni la mwisho. Wa tatu aliitwa Baba Pacha, jina la heshima, kwa kuwa alizaa mapacha. Huyu alikuwa kijana wa miaka sabini na miwili, mrefu, mtanashati, mwenye sauti ya kutuliza watoto. Sitamsifia sana msije mkadhani nina upendeleo.

Bi Kidole hakumshutumu mtu. Alisema anatamani kumwandikia dada yake barua ya salamu, kama zamani, na aone nani bado ana mkono mzuri. Wazee walifurahi kama farasi waliosikia tarumbeta. Wakakaa kwenye madawati yao ya zamani, wakaandika, na wote watatu, bila kufikiri, wakamalizia kwa duara pembeni kushoto. Bi Kidole akatikisa kichwa kidogo. Alikuwa mmoja wao, basi. Lakini yupi?

Kisha wakasoma walichoandika. Na hapo Wakili aliona desturi ambayo hakuwahi kuisikia: kila mzee aligeuza kiti chake, akautazama ukuta, ndipo akasoma. Aliuliza sababu. Mzee Wino alieleza kwamba mtu akisomewa barua yake aliyoitoa moyoni hulia, au hucheka, au huona haya, na si kazi ya mwandishi kumtazama usoni wakati huo. Kwa hiyo walisoma wakiwa wamempa mgongo. Walifundishwa hivyo siku ya kwanza kazini, kabla hata ya kufundishwa kushika kalamu.

Wakili alivitazama vile viti vitatu. Alikuwa amesoma vitabu vizito vingapi kuhusu faragha, na hakuna hata kimoja kilichotaja kugeuza kiti.

Bi Kidole akauliza swali la mwisho, akifuta lenzi yake kwa kitambaa kama mtu asiyejali. Siku ya watu wengi kabisa, humu ukumbini walijaa wangapi?

Mzee Wino alifikiri, akasema kama ishirini.

"Thelathini," akasema Mzee Nukta.

"Mia nne," akasema Baba Pacha. "Na hapo sijawahesabu waliokaa juu ya paa. Hao nilikuwa napokea maneno yao dirishani."

Kalamu ya Wakili ilianguka. Bi Kidole alifungua pochi, akatoa ile barua ya vitisho, akailaza mezani mbele ya yule mzee mtanashati, kidole chake kikiwa kwenye maneno WATU MIA NNE.

Hapa, ndugu msomaji, sina budi kukiri kwamba Baba Pacha ni mimi.

Niliisukuma barua kando. Nikasema mia nne ni hesabu ya kawaida, watu wengi huwa mia nne. Bi Kidole alisema hapana, mzee, watu wengi huwa wengi tu. Mia nne wako kinywani mwako. Kisha akanipangia ushahidi mmoja mmoja, kwa upole wa mtu anayemenya chungwa. Ufunguo wa ndani ya saa, watu wanne wanaujua. Duara, watatu wanalichora. Na aliyeliiba daftari aliliiba kwa kuogopa lisije likasomwa, ilhali waliomsikiliza Wakili Jumanne walijua kwamba barua za watu binafsi hazitasomwa kamwe.

"Ni mmoja tu ambaye hakusikia," alisema. "Ulikuwa wapi, Baba Pacha, mwanangu alipokuwa anaeleza?"

"Barazani."

"Unafanya nini?"

"Nasimulia."

"Nini?"

Niliinamisha kichwa. "Samaki aliyeleta barua."

Mzee Wino alikohoa kuficha kicheko, hakikufichika. Mzee Nukta akasema, "Pumbavu," na kwake hiyo ni hotuba.

Basi nikaeleza. Nilipokuwa kijana nilimwandikia binti mmoja barua ya mapenzi, nikaitunga kichwani mwangu siku kumi. Ilikubaliwa, tumeoana miaka arobaini na minane. Tatizo ni kwamba barua ilikuwa nzuri mno. Kesho yake akaja fundi seremala, hana maneno, anataka kumwandikia mchumba wake. Nikampa ileile. Akaja mwingine, nikampa ileile. Mke wangu siku zote ameamini kwamba maneno yale yaliandikwa mara moja duniani, kwa ajili yake. Amekuwa akiwaambia hata mapacha. Na Daftari la Saba lina nakala yake kumi na nne, zote kwa mwandiko wangu. Nilidhani Bodi itasoma kurasa zote kwa sauti, mji mzima ukisikiliza, na yeye amekaa mstari wa mbele.

"Kwa nini hukuchana kurasa zako ukarudisha daftari?" Wakili aliuliza. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Ungeniachia vifungo vyangu."

Hapo nikashindwa kumtazama. Karatasi ilikuwa adimu siku zile, tuliandika pande zote mbili. Nakala ya kwanza, barua yenyewe ya mke wangu, iko nyuma ya ukurasa wa vifungo. Jana mchana nilikaa kitandani, rula mkononi, nikaushika ukurasa ule mara tatu. Nyuma ya maneno yangu niliyaona madole sitini na matatu. Mkono ulikataa. Nikalificha lote zima, nikaandika vitisho vile kupoteza watu.

Wakili aliangalia saa yake. Ilikuwa sita na nusu. Aliuliza liko wapi. Nikasema nyumbani, kwenye boksi la suti yangu ya harusi, ambalo hakuna binadamu anayelifungua.

"Liko njiani," Bi Kidole alisema. "Mtu wa barazani nilimshuku mapema, kwa hiyo ile simu yangu ya saa nne nilimpigia mkeo. Nilimwuliza kama mumewe amebadilika tabia. Akaniambia tangu jana unamsifia mboga. Nikamwomba apekue nyumba."

Macho yalinitoka. Na mlango ukafunguliwa, akaingia Mama Pacha, mke wangu, na kikapu, na ndani ya kikapu koti langu la harusi, na ndani ya koti Daftari la Saba. Aliliweka mezani kwa Wakili, akaomba kiti, akakaa akinitazama kwa utulivu ambao nimeuona mara mbili tu maishani mwangu.

Nilianza kujieleza. Akainua mkono.

"Ukicheka, jua linaahirisha kuzama," alisema.

Ulikuwa mstari wa kwanza wa ile barua.

"Mimi nilikuwa najua kusoma, wenzangu kiwandani hawajui," aliendelea, akiwaambia wengine, si mimi. "Kila Jumamosi walikuwa wananiletea barua za wachumba wao niwasomee. Ya kwanza nilipoisoma, ya mchumba wa seremala, nililia. Ya pili nikakasirika. Kufika ya tano nilikuwa naisoma bila kuitazama, mikono inashona."

"Umejua miaka arobaini na minane?" nilisema. "Mbona hukuniambia?"

"Wale wanawake walikuwa wanafurahi, Baba Pacha. Wanaziweka kifuani, wanalala nazo. Ningewaambia nini? Na zilikuwa barua za watu. Mambo ya barua ya mtu hayatoki nje."

Wakili aliandika sentensi hiyo. Amesema itakuwa mstari wa kwanza wa kitabu anachokiandika.

Saa nane Bodi iliketi: watu saba nyuma ya meza ndefu, mwenyekiti wao mtu mwembamba aliyependa kuuliza. Wakili alifungua ukurasa wa vifungo. Mwenyekiti aliinama, akatazama muda mrefu, akauliza watajuaje kwamba hayo ni madole ya watu na si madoa ya chai.

Mke wangu alisimama kwenye viti vya nyuma. Alisema la kumi na saba ni lake, ingawa hata siku zile alijua kusoma na kuandika.

Minong'ono ikazagaa. Mwenyekiti aliuliza imekuwaje mtu anayejua kusoma na kuandika akabonyeza dole. Mama Pacha alisema wao walioweza kuandika walikuwa wanne. Wangetia sahihi, mwenye kiwanda angejua nani wanaongoza, na hao wangefukuzwa kesho yake. Kwa hiyo wote wakabonyeza, na madole hayana cheo.

Bi Kidole alikuwa ameshafungua pochi. Alitoa kidau cha wino, karatasi nyeupe na lenzi. Alichukua dole la Mama Pacha kama alivyochukua maelfu, taratibu, kutoka ukucha hadi ukucha. Akaweka karatasi kando ya duara la kumi na saba. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akahesabu mistari akichezesha midomo. Kisha akampa mwenyekiti lenzi, naye akaangalia, akamwita jirani yake aangalie, na yule akasahau cheo chake akapiga kofi mezani.

Mwenyekiti alimwuliza Mama Pacha kama anaridhia ukurasa wake uonekane na watu wote.

"Upande huu naridhia," alisema. Kisha akageuka akanitafuta kwa macho. "Upande wa pili ufungwe na utepe. Ule ni wa nyumbani."

Walipiga kura dakika hiyo hiyo, mikono saba juu. Mtunza ukumbi alitikisa funguo zake kama manyanga. Mkandarasi, ambaye sijui aliingia saa ngapi, alikuwa tayari pembeni anapima paa kwa macho. Katibu wa Bodi alileta fomu, akamwambia Wakili kwamba pana kisanduku kimoja tu cha aina ya utafiti, na sharti achague: faragha, haki au urithi.

"Andika vifungo," Wakili alisema, akicheka mpaka akashika meza.

Nami sikupelekwa mahakamani. Wakili alisema mashtaka anamwachia aliyedhulumiwa zaidi. Aliyedhulumiwa zaidi alifikiri njia nzima ya kurudi nyumbani, na kufika mlangoni hukumu ilikuwa tayari: barua kumi na nne, moja kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, kila moja mpya, isiwe na hata sentensi moja iliyowahi kutumika. Niandike kwa mkono, nigeuze kiti, nisome nikitazama ukuta. Akiridhika atabonyeza dole kwenye duara. Asiporidhika haihesabiwi.

Nimelipa mbili. Leo ni Ijumaa ya tatu. Kabla ya barua alitaka aisome kwanza simulizi hii, kwa kuwa inamhusu, nami siwezi kumnyima. Ameniagiza nisahihishe mambo mawili: ngazi za Ukumbi wa Barua ni kumi na moja, na mimi si mrefu.

Baada ya hapo nikageuza kiti, nikautazama ukuta, nikamsomea barua ya tatu. Nilijitahidi. Niliweka humo koti la harusi, na kikapu, na jinsi alivyosimama kwenye viti vya nyuma. Nilipofika katikati, pumzi zikaniishia kidogo, nikachomeka kamstari kamoja tu kuhusu macho yake na taa ya mnarani. Nilisubiri mlio wa kidau cha wino.

"Hiyo ya mnara," alisema, "nilimsomea mke wa fundi saa."

Nimechukua karatasi mpya. Duara nimeshalichora. Yamebaki maneno.